Kabla ya kuchagua seksyo, mtoto aulizwe atabeba nini siku ya kukimbia

Juni inapoisha huko Beni, Oicha na Butembo, watoto wa mwaka wa nane wanakuwa wamemaliza TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi. Wengi wao wana miaka 14 au 15. Mbele yao kuna likizo, na kabla ya shule kufunguliwa Septemba kila jamaa inapaswa kuwa imejibu swali moja: mtoto ataingia seksyo gani kwa miaka minne ya humanite?

Katika nyumba nyingi jibu linapatikana kwa dakika tano. Shule iliyo karibu ina seksyo gani? Pedagojia. Basi aende pedagojia. Katika nyumba nyingine baba aliamua tangu mtoto alipozaliwa: huyu atakuwa daktari, hata kama hesabu zinamshinda. Na kwa jamaa zilizokimbia vita, mahali watu kumi wanalala katika chumba kimoja cha watu waliowapokea, swali hilo mara nyingi haliulizwi kabisa. Kinachoulizwa kwanza ni watu watakula nini jioni. Mtoto akitaja masomo, anaambiwa: "Ngoja kwanza vita iishe."

Lakini vita haijaisha. Mauaji makubwa katika wilaya ya Beni yalianza Oktoba 2014. Mtoto aliyekuwa akijifunza kusema wakati ule, leo amefika umri wa kuchagua seksyo. Katika maisha yake yote hajaona mwaka mmoja ambao wazazi wake walilala bila wasiwasi. Kumwambia angoje amani ndipo achague njia ya maisha ni kama kumwambia asichague kamwe.

Ndiyo maana kuchagua kazi katika eneo hili hakuwezi kufanywa kama mahali ambapo mtu anamaliza shule, anaandika barua ya kuomba kazi, anaajiriwa, na anazeeka katika ofisi ileile. Hapa swali la "unataka kuwa nani?" halitoshi. Linahitaji swali lingine mbele yake: siku ya kukimbia tena, mtoto huyu atakuwa amebeba nini ambacho hakuna mtu atakayeweza kumnyang'anya njiani?

Kahawa ilikufa, mikono ikabaki

Wazee wa Beni wanaweza kulieleza jambo hili kuliko kitabu chochote. Kulikuwa na wakati ambapo pesa za shule, za harusi na za mabati ya nyumba zilitoka kwenye kahawa aina ya robusta. Kisha ugonjwa wa kunyauka, ule ambao wataalamu wanauita trakeomikozi, ukaingia mashambani na kukausha miti mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa wakichanja mapapai ili kupata papaini ya kuuza nchi za nje, na soko lile nalo likayumba. Leo kila mtu anasema kakao.

Kakao imewasaidia watu wengi, hakuna anayekataa. Lakini nayo haina ahadi. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani moja, na mwaka uliofuata ikashuka sana. Zaidi ya hapo, wakati bei iko juu, wakulima wengi hawakuweza kufika kwenye mashamba yao kwa sababu ya waasi wa ADF. Wengine waliuawa wakiwa wanavuna. Wengine walirudi na kukuta kakao imeshavunwa na watu wasiojulikana.

Nani alivuka kutoka kahawa hadi kakao bila kuanguka? Ardhi ilisaidia, lakini haikutosha. Aliyevuka ni yule aliyejua kuandaa kitalu, kuchagua mbegu nzuri, kukata matawi kwa wakati wake, kukausha mavuno bila kuyaharibu, kupima kilo na kuandika hesabu. Mti ulibadilika, lakini kazi ya mikono yake haikubadilika sana. Hata alipokimbilia Butembo au Mangina bila shamba, kuna mtu aliyemwita amwandalie kitalu.

Hilo ndilo funzo la kwanza kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 15. Kila kazi ina jina lake, na chini ya jina hilo kuna ufundi. Jina linaweza kufa kwa ugonjwa wa mti, kwa vita, kwa bei, au kwa uamuzi wa serikali ya mbali. Ufundi unabaki na mtu. Mtoto asaidiwe kuchagua ufundi kwanza, jina litakuja baadaye.

Kazi tatu zinazoaminiwa mno

Kazi ya kwanza ambayo watu wanaiamini kupita kiasi ni kazi ya serikali, hasa ualimu na uuguzi. Masomo ya msingi yalifanywa kuwa ya bure kuanzia Septemba 2019. Madarasa yakajaa na walimu wapya wakahitajika. Lakini hadi leo kuna walimu wanaofundisha kila asubuhi huku majina yao hayajaingizwa kwenye listi ya mishahara ya serikali. Wananchi wanawajua kwa jina la "nouvelles unités". Wako pia wauguzi wanaoishi kwa sehemu ndogo ya pesa ambazo wagonjwa wanalipa. Hii haina maana kwamba kazi hizo ni mbaya. Eneo lenye vita linahitaji walimu na wauguzi kuliko eneo lingine lolote. Ina maana kwamba mtoto anayeingia pedagojia kwa sababu tu shule iko karibu na nyumba anapaswa kuambiwa ukweli mapema: huenda akangoja mshahara kwa miaka, na atahitaji ufundi mwingine wa kumlisha wakati anangoja.

Kazi ya pili ni ile ya mashirika ya misaada. Hapa Beni na Butembo zinakumbuka vizuri. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwamba imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Katika miaka ile miwili vijana wengi walipata kazi: kupima joto la wasafiri, kusimamia vituo vya kunawa mikono, kuendesha gari, kuzika kwa usalama. Wako walioacha chuo kikuu ili kupata dola zile. Ugonjwa ulipokwisha, na kila mtu akamshukuru Mungu, mikataba nayo ikaisha. Baadaye, Januari 2025, serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake, na ofisi nyingi zilizokuwa zikiajiri wenyeji zikapunguza watu au zikafunga milango. Dereva aliyekuwa amejifunza pia kutengeneza injini alitoka na kitu. Aliyekuwa na jile ya shirika tu, alibaki na jile.

Ya tatu ni pikipiki. Hii wazazi hawaisifu, lakini vijana wanaiamini kwa sababu inatoa pesa siku ileile. Kijana wa miaka 16 anamwona rafiki yake motari amenunua simu, naye anaona darasa ni kupoteza wakati. Hakuna anayemwambia kwamba pikipiki nyingi si za wanaoziendesha, kwamba kuna kiasi cha kumpelekea mwenye chombo kila jioni hata mvua ikinyesha, na kwamba kuna barabara ambazo motari hutoka asubuhi na jioni harudi. Kazi ya motari ni kazi halali na inalisha nyumba nyingi. Ila kijana anayeiingia bila kujua hata kufungua kabureta atabaki kumfanyia kazi mwenye pikipiki na fundi wa garaji kwa wakati mmoja.

Hakuna katika kazi hizi tatu iliyo ya kudharauliwa. Kosa ni kuamini kwamba mojawapo ina uhakika, na kumsukuma mtoto humo bila njia ya pili.

Cherehani ishirini katika barabara moja

Kuna wanaosema jibu ni rahisi: kila mtoto ajifunze ufundi wa mikono. Jibu hilo ni nusu tu, na hiyo nusu nyingine imeshawaumiza watu.

Mara nyingi msichana mkimbizi akionekana, anapelekwa kushona. Mvulana mkimbizi anapelekwa garaji au kwa kinyozi. Wanafundishwa miezi sita, wanapigwa picha siku ya kufunga, wanapewa cherehani au sanduku la vifunguo. Mwaka unaofuata wanakuja wengine, wanafundishwa kazi ileile, katika mtaa uleule. Mwishowe barabara moja ina cherehani ishirini, na wateja ni walewale waliokuwapo wakati cherehani zilikuwa tano. Wasichana wanagombania kubadilisha zipu. Wengine wanauza cherehani ili kununua chakula. Halafu inasemwa kwamba vijana hawapendi kazi.

Vijana hawana kosa hapo. Hakuna aliyehesabu. Kabla ya kumwandikisha mtoto katika ufundi wowote, mzazi, au mjomba, au mtu yeyote mwenye nafasi, angetembea sokoni asubuhi moja na kuhesabu. Wako washonaji wangapi? Wako vinyozi wangapi? Na ni kitu gani ambacho watu wanasafiri nacho mbali ili kitengenezwe, kwa sababu hapa hakuna fundi? Mahali penye cherehani ishirini, cherehani hizo zinaharibika. Nani anazitengeneza? Mtoto wa ishirini na moja pengine asishone. Ajifunze kutengeneza mashine za wale ishirini.

Kwa kuhesabu namna hiyo mtu anaona mambo mengi. Nyumba nyingi sasa zinawaka kwa umeme wa jua, lakini paneli nyingi zimefungwa vibaya na betri zinakufa kabla ya wakati, kwa sababu aliyezifunga hakujifunza kupiga hesabu ya mzigo. Watu wanafuga mbuzi, kuku na nguruwe hata katika viwanja vidogo vya mji, na ugonjwa ukiingia hawajui wamwite nani. Simu zimejaa, lakini mafundi wengi wanajua kubadilisha kioo tu. Barabara za Beni hadi Kasindi na Beni hadi Butembo ziko katika mpango wa kazi uliokubaliwa kati ya Kongo na Uganda, na barabara inahitaji watu wa kupima ardhi, wa kuendesha na kutengeneza mashine kubwa, na wa kutunza mifereji miaka mingi baada ya wajenzi kuondoka. Kule Mutwanga, maji ya milima ya Ruwenzori yanatoa umeme, na umeme huo umewezesha viwanda vya sabuni na vya chokoleti. Kiwanda kimoja kinahitaji fundi umeme, mtu wa hesabu, mtu wa usafi wa mashine, na mtu anayejua kakao iliyochachushwa vizuri kwa kuinusa tu.

Hapo ndipo mtoto wa mkulima ana faida ambayo yeye mwenyewe haioni. Anadhani kufaulu ni kukimbia mbali na kakao ya baba yake. Kumbe anaweza kuifuata kakao hiyohiyo kwa njia nyingine: seksyo ya kilimo katika sekondari, kisha agronomia. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kinafundisha agronomia na udaktari wa wanyama. Hata asiyefika chuo kikuu anaweza kuwa mtu ambaye wanunuzi wanamtafuta ili awaambie gunia hili ni zuri na lile lina unyevu. Shamba linaweza kubaki upande ambao watu hawawezi kufika. Ujuzi huo unaweza kufanya kazi popote kakao inapopita.

Shule na mikono si maadui

Siku hizi kuna maneno yanayopita mitaani: "Diplome ya nini? Wenye diplome wanaendesha pikipiki." Maneno hayo yanaumiza kwa sababu yana ukweli ndani yake. Lakini yanamdanganya mtoto.

Fundi asiyejua kusoma atasainishwa mkataba asioujua. Mshonaji asiyejua kugawanya hawezi kusema nguo moja imemgharimu kiasi gani, atauza kwa hasara huku akifurahia wateja. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaojulikana kwa kufuata bidhaa hadi Dubai na China, wanajua maana ya msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kifaransa kinafungua ofisi za hapa. Kiingereza kinafungua Kasindi na upande wa pili wa mpaka. Kiswahili kinafungua njia yote ya mashariki hadi Bahari ya Hindi. Mtoto anayeacha shule katika mwaka wa nane ili apate pesa za haraka anaiacha milango hiyo mitatu ikiwa nusu wazi.

Simu nayo imeleta jambo jipya. Kuna mashine zinazoandika barua, zinazotafsiri na kujibu maswali, na watu wanajiuliza kazi gani zitabaki. Hakuna anayeweza kumwambia mtoto wa miaka 15 kwa hakika. Lakini mashine hiyo haitambui kama gunia la kakao lina ukungu, haifungi waya juu ya bati, haimshiki mama anayejifungua usiku. Kwa anayejua kusoma na kuuliza vizuri, inaweza kuwa chombo kama bisibisi. Kwa asiyejua kusoma, ni mlango uliofungwa.

Kwa hiyo isiwe shule au mikono. Mtoto aliye shuleni atumie likizo kujifunza kazi. Mtoto aliyelazimika kuacha shule ajue kwamba njia haijakatika. Kuna vituo vya kurudisha masomo na vituo vya kufundisha ufundi vinavyosimamiwa na idara ya mambo ya kijamii. Kuna INPP, taasisi ya serikali ya kuandaa watu kwa kazi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Na hata aliyesoma nje ya darasa anaweza kujiandikisha kama otodidakte, apite mtihani wa awali, kisha aketi kwenye mtihani wa serikali kama wengine. Watu wengi waliopoteza miaka miwili au mitatu kwa kukimbia hawajui kabisa kwamba haki hiyo ipo.

Likizo inatosha kuanza

Kumsaidia mtoto hakuhitaji pesa nyingi. Kunahitaji muda na unyenyekevu kidogo.

Kwanza, mtoto asikilizwe. Asiulizwe tu anapenda nini, maana atataja kile alichokiona kwenye simu. Aulizwe watu wanamwita kusaidia nini. Yuko mtoto ambaye nyumba nzima inamkabidhi redio ikinyamaza. Yuko ambaye majirani wanamwachia watoto wao, na wanatulia. Yuko anayekumbuka madeni yote ya mama yake sokoni bila kuandika. Hayo ni majibu, hata kama mtoto mwenyewe hajui kwamba amejibu.

Pili, mwalimu aulizwe. Si prefe tu, bali yule aliyemfundisha hesabu na yule aliyemfundisha Kifaransa. Wachukue buletini za miaka miwili, wasitazame matokeo ya siku moja. Mtihani wa siku moja unaweza kuwa ulifanywa na mtoto aliyelala na njaa, au aliyesikia risasi usiku. Kama amefanya vizuri katika sayansi kwa miaka miwili, seksyo ya sayansi, ile ambayo wengi bado wanaiita biokimia, isifungwe kwa sababu ya asubuhi moja.

Tatu, mtoto apelekwe kukaa na mafundi watatu, wiki moja kwa kila mmoja. Asiende kupewa mshahara, aende kuona. Na awe na maswali ya kuuliza. Ulijifunza kwa muda gani? Vifaa vyako vya kwanza uliviponyaje au ulivinunuaje? Mwezi mbaya unapata kiasi gani? Ulipokimbia, ulianza tena namna gani? Swali la mwisho lina uzito kuliko yote, na katika eneo hili karibu kila fundi ana jibu lake. Mmoja atasema alianza na sindano na uzi tu. Mwingine atasema alikaa miezi minane bila kazi kwa sababu kazi yake ilihitaji umeme. Mtoto akisikia majibu hayo mawili amejifunza jambo ambalo halimo katika darasa lolote.

Hapo wazazi wawe macho. Mwanafunzi wa kazi si mtumwa. Kama wiki nzima mtoto anachota maji na kufagia bila kugusa kifaa, huko si kujifunza. Na kama ni msichana, mama yake ajue atelye iko wapi, nani anakaa humo, na saa ngapi inafungwa.

Nne, hesabu ifanywe yote kabla ya kuanza. Miaka minne ya seksyo fulani itagharimu kiasi gani pamoja na vifaa? Kuna seksyo za ufundi ambazo pesa ya kuingia ni ndogo, lakini mazoezi yanadai nguo, kitambaa, waya au dawa kila muhula. Wazazi wengi wanaanza bila kuuliza, na mtoto anafukuzwa katikati ya mwaka wa pili. Ni heri seksyo ya pili kwa kupenda ambayo ataimaliza kuliko ya kwanza atakayoiacha.

Tano, na hili ni la jamaa zilizokimbia hasa: karatasi zilindwe. Buletini, cheti cha mwisho wa masomo ya msingi, cheti cha kuzaliwa. Zipigwe picha kwa simu na picha zitumwe kwa ndugu wawili wanaoishi miji tofauti. Watoto wengi wamerudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu nyumba iliungua na hakuna aliyeweza kuonyesha walikuwa wamefika wapi.

Msichana aulizwe, na kijana asiachwe kwa mwenye bunduki

Katika mazungumzo haya yote kuna mtu anayesahaulika: binti. Mahali pesa zinatosha mtoto mmoja, wengi wanamchagua mvulana. Binti wa jamaa iliyokimbia anabaki kupika na kufua kwa ajili ya nyumba mbili, ya wazazi wake na ya waliowapokea, kisha siku moja anakuja mtu na mbuzi. Wazazi wanafikiri wamepunguza mzigo. Mara nyingi mzigo unarudi baada ya miaka miwili, ukiwa na mtoto mgongoni na bila kazi yoyote mkononi. Binti aulizwe swali lilelile analoulizwa kaka yake, na asipewe cherehani kwa sababu tu ni msichana. Kama mikono yake inapenda waya na betri, afundishwe waya na betri.

Na kuna jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ndogo. Kijana ambaye hakuna mtu amemwonyesha njia, ataonyeshwa njia na mwenye bunduki. Makundi yenye silaha hayamuulizi diplome wala karo. Yanampa chakula, yanampa jina, yanamwambia kwamba anatetea kijiji chake. Wengine wanakwenda kwenye mashimo ya dhahabu, ambako mwenye bunduki pia hayuko mbali. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza aliye chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lolote lenye silaha. Lakini sheria peke yake haimwamshi kijana asubuhi na kumpa mahali pa kwenda. Garaji inaweza kumpa. Darasa linaweza. Mjomba mwenye kitalu cha kakao anaweza.

Kwa hiyo mzigo huu si wa wazazi tu. Prefe wa shule anaweza kutenga siku moja ya Juni ili kueleza seksyo zote za mji, hata zile ambazo shule yake haina. Hilo litamgharimu wanafunzi wachache, lakini litaokoa wengi. Parokia, makanisa na misikiti ina mafundi, wauguzi na wahasibu wanaoketi humo kila wiki: waombwe kupokea kila mmoja mtoto mmoja wakati wa likizo. Mashirika yanayofundisha ufundi yahesabu cherehani zilizopo kabla ya kuleta zingine. Na redio za mitaa, ambazo kila siku zinasoma majina ya vijiji vilivyoshambuliwa, zinaweza pia kuwapa mafundi dakika kumi kwa wiki waeleze walivyoanza upya.

Yote haya hayaondoi hatari. Mtoto anaweza kuchagua vizuri, akasoma vizuri, kisha vita ikaja ikakata mwaka wake katikati. Watu waliotoka Kanyabayonga mwaka 2024, waliotoka Eringeti na Mbau kabla yao, wanalijua hilo. Lakini hao hao wanajua jambo lingine. Baada ya wiki chache mahali pa ukimbizi, wako walioanza kusuka nywele chini ya mwembe, kutengeneza baiskeli kando ya barabara, kuwasomesha watoto wa wenzao chini ya turubai. Walifika bila godoro wala sufuria. Kazi walikuja nayo.

Shule zitafunguliwa Septemba. Kabla ya siku hiyo, katika kila nyumba yenye mtoto wa mwaka wa nane, hata kama ni chumba kimoja cha kuazima, jioni moja itengwe. Baba, mama, au shangazi aliyebaki kuwa mzazi, aketi na mtoto huyo, azime simu, na aanze na swali ambalo vita imelifanya kuwa la kwanza: "Mwanangu, mikono yako inajua nini tayari, na ungependa ijue nini zaidi?"